Chupa Moja Kaidi

Msichana alikuwa amechuchumaa katikati ya vurugu za soko la vyuma na chupa chakavu, gauni lake la maua madogo amelikusanya mapajani lisiguse matope, akikwangua lebo ya chupa kwa ukucha wa kidole gumba. Kushoto kwake watu wanagombea mabati. Kulia mpima mizani anaapa kwamba mizani yake haijawahi kusema uongo tangu izaliwe. Yeye hakusikia lolote. Alikwangua, akanusa, akakwangua tena.

"Dada, huyo kakukosea nini?"

Aliinua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu, mikono kaikunja hadi viwikoni, na vidole vimejaa wino wa rangi tatu.

"Nani?"

"Huyo unayemparura usoni. Hiyo lebo nimeichapa mimi, kwa mikono hii."

Mbele ya mgeni ulimi wa msichana huwa mzito kama jiwe la kusagia. Lakini kazi ni kazi, na hasira za kazi humpa hata bubu sauti.

"Basi ni wewe!" alisema. "Wewe ndiye unayetutesa mimi na shangazi yangu."

"Nimewatesa vipi na hata sijui mnakaa wapi?"

"Tunatengeneza mvinyo wa nanasi nyumbani. Tunanunua chupa zilizotumika, tunabandua lebo, tunaosha, tunajaza. Sasa wewe ukibandika kwa roho mbaya, sisi tunashinda na visu mkononi."

Kijana alicheka mpaka mpima mizani akageuka. Kisha naye akachuchumaa, bila kujali matope, akaanza kumchagulia.

"Hizi za karatasi ya kawaida chukua. Maji ya moto na magadi, lebo inaelea yenyewe. Hizi zinazong'aa zipashe joto kwanza. Na hizi," aliokota chupa moja ya kijani akaiweka kando, "ziogope. Hii ni gundi ya ndoo ya barafu. Chupa inakaa kwenye barafu kutwa na lebo haitikisiki. Haisikii maji, haisikii magadi, haisikii dua."

Kreti lilipojaa alilibeba mwenyewe hadi kwenye mkokoteni. Kufika hapo alikuwa ameshapata namba ya simu, na ameshampa msichana jina: Bi Kucha. Na shangazi alipouliza chupa safi namna ile zimechaguliwa na nani, Bi Kucha aliinamia beseni akajibu, "Ni mtu mmoja tu. Gundi."

"Gundi," alirudia shangazi, akimtazama juu ya miwani. "Haya. Gundi huanza na tone."

Shangazi alikuwa fundi wa maabara wa shule hadi alipostaafu, na koti lake jeupe la kazi alihama nalo. Alilivaa kila asubuhi jikoni, kati ya mapipa matatu ya plastiki yaliyokuwa yakipumua taratibu kwa mirija, bloku, bloku. Msemo wake ulikuwa mmoja: "Mvinyo ni sayansi, mapenzi ni kelele." Na sheria yake kuhusu chupa ilikuwa moja pia. Kila chupa hupewa nafasi tatu: magadi, mvuke, kisu. Ikikataa zote tatu huitwa kaidi, na kaidi haihesabiwi. Mvinyo wao hauwezi kwenda kwa wateja umevaa nguo ya mwenzake. Chupa kaidi huingia utumishi wa jikoni, itiwe siki au mafuta, mpaka ivunjike.

Gundi akawa anakuja kila Alhamisi na kreti la chupa zilizotumika kujaribia lebo kule kiwandani kwao. Na siku ambazo si Alhamisi, simu iliita.

"Bi Kucha, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula wino. Leo nimechapa lebo elfu sita, na kila moja nikajiuliza, hii naye ataikwangua?"

"Za kwako sizikwangui siku hizi. Nazibembeleza."

"Mpenzi, rudia hapo. Mashine ilikuwa inapiga kelele."

"Sirudii!" Na akakata simu, akabaki ameikumbatia kifuani huku magadi yakichemka hadi kumwagika.

Miezi minne ikapita hivyo. Halafu ikaja Alhamisi moja ambayo Gundi hakutania. Alitua kreti mlangoni, akajifuta jasho ambalo halikuwa la kreti.

"Hizi uzioshe mwenyewe. Usimpe shangazi."

"Zina nini?"

"Zioshe tu. Kesho nitakupigia."

Bi Kucha hakukalika. Aliliinua kreti akatazama chini yake. Alichungulia midomo ya chupa zote kumi na mbili, moja moja. Alizitikisa. Hakukuwa na kitu. Akazitumbukiza kwenye maji ya moto, na kumi na moja zikavua lebo bila ubishi, karatasi zikalegea zikawa uji. Ya kumi na mbili, ya kijani, ilikataa magadi. Ikakataa mvuke. Kisu kilipoteleza na kutaka kumkata kidole, aliitupia rafuni kwa hasira na kurudi kuchungulia kreti tupu. Labda alikuwa ananitania, alijiambia. Lakini mbona hakucheka?

Kesho yake simu iliita, na kabla mlio wa kwanza haujaisha akaipokea.

"Umeziosha?"

"Nimeziosha."

"Mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu."

"Zote?"

"Zote." Kaidi haihesabiwi.

Nyuma ya Gundi mashine ilikuwa ikitwanga, tapu, tapu, tapu.

"Na huna la kuniambia?"

Bi Kucha alitaka kuuliza, kulikuwa na nini ndani? Lakini akaona haya. Itakuwaje kama hakukuwa na kitu, naye aonekane anangojea zawadi? Akashika neno lililokuwa karibu.

"Zimetakata. Ahsante."

"Zimetakata," alirudia Gundi.

"Eeh. Zinang'aa."

"Haya, dada. Kazi njema."

Dada! Tangu siku ile ya sokoni hakuwahi kumwita dada tena. Neno lenyewe halina ubaya, watu huitana hivyo barabarani kutwa nzima, lakini kwake liliingia kama mwiba wa samaki.

Jumatatu ujumbe ukaingia: *Nimehamia tawi letu jipya, mji mwingine. Nisamehe kama nilikusumbua.*

Aliusoma mara nne. Alipiga mara moja, simu ikaita mpaka ikachoka. Basi, akajua. Kumbe Gundi alikuwa anajua safari yake siku zote. Kumbe lile kreti lilikuwa la kuagia, na "zioshe mwenyewe" ilikuwa namna yake ya kunawa mikono. Akalia kidogo juu ya beseni, kisha akaapa hatapiga tena.

Kuapa ni rahisi. Kutulia ndiyo kazi. Alibandika lebo zao kichwa chini miguu juu. Simu ikiita alisahau kwamba wapigao ni wateja, akaipokea kwa kishindo na kuijibu kwa unyonge. Akiwa amekaa alitaka kusimama, akisimama hajui aende wapi. Asubuhi moja alitia hamira mara mbili katika pipa moja, na saa sita mchana pipa likafura, likatema kifuniko, povu likatambaa hadi sebuleni.

"Pipa limetapika," alisema shangazi, akiinua pindo la koti lake.

"Nisamehe, shangazi."

"Sikulaumu wewe. Namlaumu yule aliyetia hamira kichwani mwako kisha akaondoka. Mpigie."

"Sipigi."

"Basi piga deki."

Siku ya kumi na tisa, Bi Kucha alikuwa anakaanga vitunguu. Alinyoosha mkono bila kutazama, akashika chupa ya mafuta, nayo ikamteleza. Ilikuwa ile ya kijani. Shangazi alikuwa ameshaiingiza utumishini, na tangu hapo kila mlo mafuta yalikuwa yakichuruzika shingoni na kushuka taratibu juu ya lebo. Aliidaka, akataka kuifuta kwa kitambaa. Mkono ukasita.

Lebo ilikuwa imelowa mafuta mpaka imekuwa kama kioo chenye ukungu. Na chini ya picha ya zabibu palionekana mistari ya kijivu, herufi zilizogeuka, kana kwamba mtu alikuwa ameziandika akiwa amesimama ndani ya chupa.

Aliingiza ukucha pembeni. Kile ambacho magadi, mvuke na kisu vilishindwa, mafuta yalikuwa yamekimaliza kimyakimya. Lebo ikatoka nzima, laini, kama ganda la kitunguu. Akaigeuza.

*Bi Kucha, wananitaka tawi jipya kuanzia Jumapili. Sitaki kwenda peke yangu. Ukisema nibaki, nabaki. Ukisema twende, twende. Nataka nikuoe. Kama hutaki, usiseme kitu, nami sitakuuliza tena.*

Vitunguu viliungua. Shangazi akaja mbio, akazima jiko, akaikuta karatasi mkononi mwa mtoto wa kaka yake. Akashusha miwani, akasoma.

"Kaandika kwa penseli," alisema. "Ana akili. Wino ungeyeyuka."

"Shangazi!"

"Lakini kabandika kwa gundi ya barafu. Hana akili. Unangoja nini hapa?"

Hakuvua hata aproni. Alivuka barabara mbili na soko, ananuka vitunguu, lebo kaishika kwa ncha za vidole isije ikachanika, mpaka kiwanda cha uchapaji. Msimamizi, mzee mnene aliyepandisha miwani kipajini, alimsikiliza kwa mkono sikioni kwa sababu ya kelele za mashine. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa simu yake mwenyewe.

"Yako hatapokea. Ya bosi atapokea."

Ikaita mara moja.

"Naam, mzee."

"Si mzee," alisema Bi Kucha. "Ni mimi. Nimeisoma."

"Umeisoma lini?" aliuliza Gundi, polepole.

"Leo. Sasa hivi. Nilikuwa nakaanga vitunguu."

"Si ulisema umeziosha zote?"

"Moja ilikuwa kaidi! Kaidi kwetu haihesabiwi. Wewe mwenyewe uliniambia ile gundi haisikii dua. Kwa nini uliitumia?"

"Sikutaka swali langu lidondoke njiani," alisema Gundi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilitaka likae imara. Nikajua wewe kwa kubandua hakuna wa kukushinda."

Msimamizi, aliyekuwa ameegemea karibu mno kwa mtu asiyesikiliza, akapiga paja. "Kumbe mwizi wa lile kopo la gundi ni huyu! Nimewahoji wafanyakazi wote!"

"Bi Kucha," ilisema simu, "wiki tatu hizi nimekuwa nikijiambia umenijibu. Kwamba 'zimetakata' ndilo jibu. Kwamba umenifuta ukaniosha."

"Na mimi nikajiambia umeniaga kwa kreti."

"Sasa jibu lenyewe ni lipi?"

Bi Kucha aliinua macho. Mashine mbili zilikuwa zimezimwa. Wafanyakazi saba walikuwa wamesimama na mafungu ya karatasi mikononi, hakuna aliyekuwa akipanga hata moja. Damu ikampanda mashavuni.

"Siwezi kulisema hapa."

"Basi ni hapana."

"Nani kasema hapana? Uliuliza kwa lebo, utajibiwa kwa lebo. Nitalibandika. Njoo ulibandue mwenyewe."

Alikuja Jumamosi, kwa basi la asubuhi. Shati jeupe limepigwa pasi hadi kola inasimama, nywele zimenyolewa upya, ila vidole ni vile vile vya rangi tatu. Shangazi alimpokea na koti lake la maabara, akamwonyesha kiti, akajifanya ana kazi ya haraka kwenye mapipa, hatua mbili tu kutoka hapo.

Mezani palikuwa na chupa moja ya kijani, imeoshwa mafuta yote, imevaa lebo nyeupe isiyo na picha wala maandishi. Bi Kucha alikuwa amekaa upande wa pili katika gauni lake la maua madogo. Miguu yake chini ya meza haikutulia.

Gundi aliitazama chupa kama mgonjwa anavyotazama sindano.

"Nipe magadi," alisema. "Na maji ya moto. Au nianze na mafuta?"

"Ishike tu."

"Niishike?"

"Ishike."

Aliizungushia kiganja. Hakukwangua, hakuvuta. Lebo iliteleza yenyewe, ikamkalia mkononi ikiwa bado na unyevu, na uji wa unga ukamganda vidoleni juu ya wino. Aliigeuza. Aliisoma, akaisoma tena, kisha akaiweka mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

*Ndiyo. Twende. Chupa ziko kila mji.*

"Shangazi," alisema, "amekubali."

"Nina macho," alijibu shangazi kutoka kwenye mapipa, akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Lakini wewe mtoto, hiyo ni gundi gani? Hata dakika moja haikushika."

Bi Kucha hakuinama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi miguu yake ilitulia, na alijibu akimtazama Gundi, wala si shangazi.

"Ni ya unga. Sikutaka angoje tena."