Siku ya Kumkumbuka Mama Gertrude

Jumamosi hiyo Muhonja aliamka kijijini Makwasinyi na moyo mwepesi. Mwaka ulikuwa umetimia tangu mavyaa wake, Mama Gertrude, azikwe nyuma ya nyumba yake, na jamaa walikuwa wamekusanyika kumkumbuka. Pojo zilikuwa zikichemka. Viti vya kukodi vilipangwa uani. Mlima Kasigau ulikuwa umejifunika wingu kichwani, na hewa ilitulia hata moshi wa jikoni ukapanda wima.

Muhonja ni mtu wa Vihiga, mke wa Reuben. Alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, watu walinong'ona kwamba Reuben ameenda kuoa mbali. Mama Gertrude alimshika mkono, akamkalisha kando yake jikoni, na maneno yakaisha. Mimba ya kwanza ilipoharibika, mama huyo alifunga nyumba yake akaja Voi walikokuwa wakiishi, akakaa miezi miwili akimpikia uji na kumkanda mgongo kwa maji moto, bila kumwuliza swali hata moja. Kwa hiyo Muhonja alipoombwa asome maisha ya marehemu, hakuhitaji karatasi.

Alieleza jinsi mama alivyoachwa mjane na wavulana wawili. Jinsi alivyokesha shambani akipiga debe kufukuza ndovu. Jinsi alivyombeba Sylus, kifunguamimba wake, mgongoni akiwa na surua, akatembea hadi Maungu kutafuta lori la kuwafikisha hospitali. Na uzeeni, mke wa Sylus alipokimbia kipigo, mama akabaki kumlea binti yao, Wakesho.

Sylus alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono juu ya mapaja. Ndiye aliyemkuta mamake sakafuni asubuhi ile ya msiba, akasema ameteleza.

"Wakesho naye aseme kitu kuhusu nyanya," mwinjilisti akaomba.

Mtoto ana miaka minane. Tangu mazishi aliishi na Muhonja kule Voi, na mwaka mzima hakuwahi kumtaja nyanyake. Alisimama, akashika leso ya Muhonja, akaongea polepole kama anayesoma ubaoni.

"Nyanya alilala mlangoni ndio baba asiingie kunichapa. Baba akamkanyaga hapa." Aligusa koo lake. "Alikanyaga mpaka nyanya akanyamaza."

Mwiko ulianguka jikoni. Hakuna aliyeuokota.

Sylus aliruka. Alimkamata mtoto nywele, akamburuta. Reuben alipomzuia, Sylus alikuwa tayari ameunyakua upanga wa kuchanjia kuni, akampasua mkono nduguye kutoka kiwiko hadi kifundo. Damu iliruka juu ya kitambaa cheupe cha meza. Muhonja aling'ang'ania miguu ya mtoto. Sylus akampiga teke la mdomo. Muhonja alitema meno mawili, bado ameshika. Teke la pili likamwachisha.

Sylus alimwingiza mtoto katika nyumba ya mama, akafunga mlango wa bati, akatia komeo.

Ilikuwa saa sita mchana. Jua lilikuwa utosini.

Muhonja alitambaa hadi mlangoni. Aliusikia upanga ukigonga ukuta. Aliusikia ukigonga kitanda. Mtoto alikuwa akilia.

Kisha mtoto akanyamaza.

"Mama," sauti ya Sylus ilinong'ona ndani. "Mama, niache."

Kitu kizito kilibamizwa ukutani. Vumbi likadondoka kutoka kwenye paa. Kikabamizwa tena. Mlango ukatuna. Wanaume waliokuja na gogo la kuuvunjia walisimama nalo mabegani. Mfupa ulivunjika. Wote waliusikia. Ukavunjika mwingine. Sylus alipiga yowe, na yowe likazibwa katikati, likawa mkoromo, kama wa mtu anayelishwa haraka kuliko anavyoweza kumeza.

Damu ilipita chini ya mlango. Ilifika kwenye vidole vya Muhonja, ikasimama.

Halafu akasikia mtu akibembeleza mtoto. Sauti ya chini, ya kike, ya uzee. Muhonja aliijua.

Komeo likafunguka.

Wakesho alitoka peke yake. Nguo yake haikuwa na tone la damu. Alimtazama Muhonja, akanong'ona, "Nyanya amesema mumfunge Baba Mdogo mkono. Damu inaisha."

Kweli, katika taharuki ile Reuben alikuwa amesahauliwa kando ya meza, uso umekuwa wa majivu. Walimfunga kwa leso. Wangechelewa kidogo tu, wangempoteza.

Ndani, Sylus alikuwa ameketi ameegemea ukuta, mikono yote miwili imegeuzwa nyuma, taya limening'inia. Upanga ulikuwa umekita kwenye boriti ya paa, juu sana, umezama hadi mpinini. Alikata roho njiani kupelekwa hospitali.

Polisi walikagua nyumba. Walikuta mlango mmoja, dirisha moja lenye nondo, na hapana mtu. Walizunguka nyuma wakatazama kaburi. Saruji ilikuwa kavu, haina hata ufa.

Jumatatu, mdomo ungali umevimba, Muhonja alienda mochari kwa niaba ya Reuben aliyekuwa amelazwa. Mhudumu alimvuta kando, akashusha sauti.

"Huyu mlimlisha nini?"

Alimwonyesha bakuli la chuma. Ndani mlikuwa na udongo waliouchimbua kooni mwa Sylus. Mwekundu, mbichi, umeshindiliwa kwa kidole gumba hata alama ya kidole ilionekana. Huko Makwasinyi mvua haikuwa imenyesha miezi minne.

"Na hizi," mhudumu akasema. "Zilikuwa katikati."

Vipande viwili vya pamba, vimeviringishwa vidogo, kila kimoja kama ncha ya kidole.

Muhonja alisogelea bakuli. Mwaka jana, katika chumba hichohicho, yeye ndiye aliyemwosha mavyaa wake. Aliviringisha pamba kwa mkono wake, akaichovya katika mafuta ya karafuu aliyoyapenda mama, akamtia puani, kushoto na kulia.

Aliinama juu ya bakuli, akanusa.

Karafuu.