Uzito wa Nyuma, Upande wa Kushoto

Landrova ya marehemu Onema ilikuwa inainama nyuma, upande wa kushoto, na haikuwa imebeba kitu.

Zuberi, rafiki wa marehemu, aliifufua kwa mikono yake, uani kwa mjane Philomène, hapa Kasuku kando ya mto, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kutu. Alibadilisha freni, akapitisha nyaya mpya, akaongeza lame mbili, zile bapa za chuma za springi, juu ya ekseli ili mama huyo apate gari ya kubeba watu njia ya Kalima. Akashusha kriki iliyoinua gari. Gari ikainama vilevile, polepole, kama kitanda kikilaliwa.

"Shemeji, fundi muzima na gari inatembea kama bata!" Philomène akamtania.

"Nimefunga mara tatu, shemeji."

Lame ya tatu ilipoingia, mchana kweupe, ikatoka harufu ya damu na blanketi mbichi, na huko nyuma mtu akakohoa, kikohozi cha Onema, ambacho Zuberi alikijua kwa sababu zamani walilala chumba kimoja Kalima, kisha vidole vikagonga bati taratibu, kama abiria anayeuliza mbona hatuendi, na Zuberi, mtu wa sala tano, akatafuta aya moja mdomoni asiipate.

Mwalimu Assani wa msikitini akaitwa. Alisoma mpaka jasho likamtoka, akafunga kitabu.

"Hii hapana jini ya kufukuza," akanong'ona. "Huyu njo muntu wenu."

Zuberi akapiga magoti kwenye mafuta yaliyomwagika.

"Shemeji, nilikudanganya."

Kwetu maiti akivushwa mto, anayemleta humwita jina ukingoni, amwambie tunavuka, roho isibaki njiani. Wakati wa vita, mwaka wa tisini na tisa, Zuberi alileta maiti ya Onema kutoka Kalima ndani ya Landrova hii hii, na risasi kifuani, amemfunika blanketi na magunia ya muhogo. Ukingoni kulikuwa na askari. Akanyamaza. Mungu atusamehe woga wetu. Msibani akasema, "Nilimwita."

"Kumbe iko mule mule," Philomène akasema kwa sauti ndogo. "Miaka yote. Na mimi naanika nguo juu yake."

Hakumtukana. Alivaa kitenge cha kanisa, akasema, "Washa."

Wakavuka na baki, kivuko cha magari, mpaka Alunguli ng'ambo ya mto, wakageuza gari, ikatazama Kasuku. Zuberi akaita, "Onema! Tunavuka mto!" Philomène akaenda nyuma, akaweka mkono kwenye bati, akaita naye.

Ndani ikajibu sauti ya kijana, yenye heshima.

"Mama, samahani. Muke wangu Philomène iko wapi? Alisema atanipokea."

Philomène akagusa mvi zake.

"Iko ng'ambo, mwanangu. Iko anakungojea. Vuka tu."

Hakukohoa mtu tena, na gari ikainuka kushoto, ikasimama sawa. Zuberi alisogea kuomba msamaha, lakini Philomène alikuwa bado anatazama ng'ambo, kama mtu anayemwonea wivu yule Philomène kijana.