Kisahani cha Chungu cha Maua

Jirani yetu tulimpa jina la Mama Redio, kwa sababu habari ikimfikia haikai. Asubuhi ile alimwambia dada kwamba amemwona shemeji kwenye darasa la shule, yeye na yule mama fundi cherehani. Eti vichwa vimegusana. Eti wanachungulia kitundu kimoja na kucheka.

Dada alikuwa anapiga pasi shati la shemeji. Akaizima pasi, shati akaliacha na kunyanzi zake.

Shemeji ni mwanasayansi. Wiki nzima yuko maabara, anachunguza wadudu. Jumamosi huenda shuleni kufundisha watu wazima, bila malipo. Nyumbani hufika amechoka, hasemi. Mimi naishi kwao, namlea mtoto wao, nayaona.

“Kwangu bubu, kwa fundi cherehani kasuku,” dada alisema. Akavaa gauni lake la sherehe. Nikambeba mtoto, ambaye homa ilikuwa imemwachia juzi tu, tukaongozana.

Darasani kulikuwa na foleni. Mezani palikuwa na hadubini, chombo kinachofanya kitu kidogo kionekane kikubwa. Na kweli, fundi cherehani alikuwa ameinama. Shemeji naye ameinama kando yake, anageuza kioo ili mwanga uingie. Fundi alipomwona dada, akasogea.

“Karibu, wifi. Mwenye mume hapangi foleni.”

Watu wakacheka. Dada hakucheka. Akachungulia, halafu akarudi nyuma ghafla. Alisema ameona mdudu mwenye manyoya, anajipindapinda.

“Ni kiluwiluwi,” shemeji alisema. “Bado siku chache awe mbu, aruke.”

“Umemtoa wapi?”

Shemeji akajikuna shingo. “Kwenye kisahani cha chungu chako cha maua.”

Dada akakataa. Kisahani kile hukimwaga maji kila wiki. Fundi cherehani ndiye aliyemwuliza, kwa upole, kama huwa anakisugua pia. Mbu wengine, akaeleza kama alivyofundishwa pale darasani, hubandika mayai pembeni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Ukimwaga tu, mayai yanabaki palepale. Yanakauka lakini hayafi. Ukitia maji tena, yanaanguliwa. Kwa hiyo kila wiki mwaga, kisha sugua kwa brashi. Na pipa la maji lifunikwe vizuri.

Maneno yalikuwa ya kweli. Lakini yalitoka kinywani mwa fundi cherehani, na dada aliyameza kama dawa chungu.

Nyumbani tulisugua kila kitu: visahani, ndoo, hata bakuli la kuku. Fundi akatushonea kitambaa chenye mpira cha kufunikia pipa. Dada alikivuta huku na huku kutafuta kasoro. Hakuipata. Mtoto akaanza kulala bila kujikuna, na homa haikurudi tena.

Wivu ndio haukutoka kwa brashi.

Jumamosi moja shemeji alikuwa anaiviringisha hadubini kwenye taulo. Dada akasimama mlangoni.

“Nimekupikia, nimekufulia, nimekuzalia,” alisema. “Habari za mbu nimezisikia kwa mke wa mtu. Leo baki, mume wangu. Nifundishe mimi.”

Shemeji akasimama, hadubini kifuani kama mtoto mchanga. Nje Mama Redio alikuwa anauliza kama mwalimu ameshatoka, maana foleni imefika barabarani.

Shemeji akamtazama dada. Akautazama mlango.