Chupa Iliyotokota

Kabla mguu haujamgomea, mzee huyu alikuwa fundi wa baiskeli. Alifanya kazi chini ya bati moja miaka thelathini na miwili. Kila asubuhi alijaza karai maji, akazamisha mpira wa ndani, akatafuta mapovu. Binti yake wa miaka minne aliweka kidevu ukingoni mwa karai na kupiga kelele: "Baba, mpira unapumulia hapa!" Fundi akaziba tundu. Zilikuwa siku njema, ingawa wakati ule hakuna aliyemwambia.

Sasa binti huyo alikuwa mama, na mwanawe wa miezi minane alikuwa amelazwa wodi ya watoto kwa nimonia. Mtoto alipumua mbiombio. Kifua kilibonyea chini ya mbavu, na kunyonya hakuweza. Muuguzi alimwekea vimirija viwili puani vya kumpa hewa na oksijeni. Mrija mwingine ulitoka hapo ukaishia ndani ya chupa ya maji, nayo ilitokota mapovu bila kukoma.

Mama alipokwenda kufua nepi, babu alibaki akiikodolea macho ile chupa. Kwake, mapovu yalikuwa na maana moja tu. Akauvuta mrija kutoka majini ili atafute tundu.

Chupa ikanyamaza. Mbavu za mtoto zikazidi kubonyea.

"Babu! Unafanya nini?" Muuguzi alikuja mbio, akaurudisha mrija majini mpaka kwenye alama yake.

"Kunavuja, sista. Nimeona kwa macho yangu."

"Hakuvuji. Hewa inasukumana na maji haya kabla ya kutoka. Msukumo huo unazuia mapafu yasinywee."

"Kama upepo ndani ya mpira."

"Haswa. Hapa, mapovu yakikoma ndipo kuna tatizo."

"Basi miaka yote ile mapovu nimeyasoma kinyume."

"Uliyasoma sawa, babu. Ila huyu si baiskeli."

"Na mbona hamumpeleki chumba cha mahututi?"

"Daktari ameona atatibika hapa, mbele ya meza yetu. Tunampima mara kwa mara. Akizidiwa, tutamhamisha. Kazi yako ni kutazama. Mapovu yakikoma, kimirija kikichomoka, mbavu zikibonyea zaidi, midomo ikibadilika rangi, niite. Usiguse."

Alasiri mapovu yakakoma. Kimirija kimoja kilikuwa kimechomoka puani. Mikono ya fundi ilimwasha. Akaikalia.

"Sista! Kumenyamaza huku!"

Muuguzi akakirudisha kimirija, chupa ikatokota tena.

"Baba, umeikalia mikono?" binti yake akauliza.

"Naijua tabia yake."

Siku ya nne daktari aliagiza vimirija vitolewe. Muuguzi alivitoa, akasimama pale akihesabu pumzi. Fundi aliinama juu ya kifua kile kidogo. Mbavu zilikuwa zimetulia. Mtoto akageuka, akatafuta titi, akanyonya kwa pupa.

"Wewe ulikuwa hivyohivyo," fundi akamwambia binti yake. "Hukuwa na haya."

"Baba, unalia?"

"Nakagua."