Walikuja Kuposa, Wakanunua Mashini

Kyungu aliinama, akazungusha gurudumu la mashini ya kushona kwa kidole kimoja, akasikiliza, kisha akatikisa kichwa. Alisema mkanda umechoka, rangi imetoka, na miguu ya chuma imeanza kuliwa na kutu. Mama Mianda, mwenye mashini, alijibu kwamba mkanda mpya unapatikana dukani kwa Mgiriki pale mjini, na kwamba nusu ya kambi ya mgodi ya Kapata, hapo Katanga, imevaa nguo zilizotoka kwenye mashini ile. Bei ilikuwa faranga elfu mbili.

"Elfu moja, mama," Kyungu alisema.

Nyuma yake, karibu na mlango, Mbayo alisimama na shati jeupe na tai ya kuazima, jasho likimtoka. Alikuwa mtoto wa dada yake Kyungu, na alimfanyia kazi ya kununua na kuuza vitanda, baiskeli na masanduku yaliyokwisha kutumika. Lakini siku hiyo hakuvaa kwa ajili ya biashara. Alijua wamekuja kumposa Kabedi, binti wa Mama Mianda.

Kabedi naye alijua hivyo. Alipowaona wakikata kona alifagia upesi, akabadilisha kitambaa cha kichwa. Sasa alikaa kando ya mama yake akingoja neno ambalo halikuja.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka 1960. Baba yake Kabedi, Tshibangu, alikuwa amemaliza kazi mgodini na nyumba ya kampuni ilitakiwa. Tena mitaani watu walianza kusema bila kuficha kwamba wageni wa Kasai kama wao warudi kwao. Mzee akakata shauri: wataondoka kwa treni ya Jumamosi, mpaka Luputa, huko Kasai. Nyumbani walikubaliana mnunuzi yeyote asijue, maana anayeuza kwa haraka haulizwi bei, hupewa. Kabedi alimwambia mtu mmoja tu. Alimwambia Mbayo, akilia, na Mbayo akaapa kwamba hatamwacha aende hivihivi.

Mama Mianda alishuka kidogo, Kyungu akapanda kidogo, wakakwama. Mama akasema hana haraka. Mashini si mkate, haiozi, atangoja mnunuzi mwingine. Kyungu akaketi bila kukaribishwa.

"Mama, Jumamosi munapanda treni," alisema taratibu. "Hii mashini utaibeba ku kichwa mpaka Luputa? Kesho na kesho kutwa, nani atakuya kuinunua?"

Mama Mianda akageuka kumtazama binti yake. Kabedi alikuwa akimtazama Mbayo, na Mbayo alikuwa akitazama chini.

"Muyomba," Mbayo alimwambia mjomba wake, "hatukukuya juu ya mashini."

"Nyamaza kwanza."

"Mama, tulikuya kuomba Kabedi. Njo maana nilimuambia muyomba siku ya safari. Nilitaka tufike mbele ya Jumamosi."

Kyungu hakukasirika hata kidogo. Alisema mambo ya ndoa yana wakati wake, na kwamba mwanamume hawezi kuoa kwa watu ambao tayari wamefunga mizigo. Kisha akatoa noti mfukoni akaziweka juu ya mashini.

Mama Mianda aliziacha pale, akamgeukia Mbayo.

"Mwanangu," alimwambia, "mu nyumba yangu munaongea bei ya mashini na bei ya mutoto wangu pa meza moja? Kabedi hauzwe leo. Mashini, mubebe."

Akazichukua zile noti. Hakuwa na la kufanya. Kyungu alisema kweli, mnunuzi mwingine hakuwapo, na huko Luputa wangefika bila nyumba. Kyungu akamwamuru Mbayo abebe. Mbayo akakataa. Alivua tai, akaiweka mkononi mwa mjomba wake, mwenye tai, akamwambia kuanzia leo atafute mtu mwingine wa kumbebea. Kyungu aliita vijana wawili wa jirani na mashini ikatoka mlangoni.

Kabedi alimfuata Mbayo nje, hadi kwenye uzio.

"Nilikuambia siri juu nilikuwa na hofu," alisema. "Ukaenda kuisema."

"Nilitafuta mutu wa kunisemea kwa mama yako. Mi sina baba. Sikujua atafanya vile."

"Unamufanyia kazi miaka yote, na haukujua?"

Mbayo alikuwa ameona mjomba akiwabana wajane na wafanyakazi waliofukuzwa, na kila mara yeye ndiye aliyepakia vitu. Akakiri kwamba alijua, ila alidhani kwake itakuwa tofauti.

"Ukinitaka, kuya Luputa," Kabedi alisema. "Bila yeye. Na usinifuate ku gare ya treni Jumamosi, sitaki mama akuone."

Mbayo hakumfuata. Siku ya treni alikuwa anachimba mitaro kwa mkandarasi mmoja, matope hadi magotini, na alisikia filimbi ya treni akiwa huko huko.

Ilipofika Mei alipanda treni na dada yake mkubwa, Ndaya, ambaye ndiye aliyemsemea. Watu walimwonya kwamba Mkatanga anayekwenda Kasai wakati kama huo anatafuta matatizo. Tshibangu aliwapokea kwa heshima, akamsikiliza Ndaya hadi mwisho, akakubali. Kabedi alipoulizwa mbele ya wazee, alijibu ndiyo bila kuinamisha macho.

Walifunga ndoa misheni, kabla ya uhuru. Mama Mianda alipika, aliimba na wanawake wenzake, aliwapa wageni maji ya kunawa. Kwa mkwe wake alipita bila kusema kitu.

Usiku Mbayo alimuuliza Kabedi kama mama yake atamsamehe siku moja.

"Mi nilikusamehe," Kabedi alisema. "Ya mama sijue. Asubui utaamuka, utamusalimia. Na kesho yake tena."

Asubuhi Mbayo aliamka mapema, akamkuta mama akiwasha moto uani, akamsalimia. Hakujibiwa. Akachukua shoka, akaanza kumpasulia kuni.