Kadi Iliyoandikwa na Nyapara

Mwaka 1978 mji wa Sable Run, jimboni Pennsylvania, ulikuwa bado unanuka moshi wa makaa na kabichi. Watu walisalimiana kwa majina barabarani. Aliyepita kimya aliulizwa kama anaumwa.

Wasil Hudock alikuwa amestaafu kazi ya mgodini. Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Kila asubuhi alichochea jiko la makaa, akamchemshia mkewe kahawa, kisha akakaa dirishani kulitazama basi la shule. Zamani basi lilipita saa mbili kasoro robo. Sasa lilipita saa moja kasoro robo, giza bado halijaondoka. Daraja la mto lilikuwa limefungwa kwa sababu ya ubovu. Watoto walizungushwa maili kumi na tisa ili wafike kwenye shule ambayo paa lake lilionekana ng'ambo ya mto.

Pauline, mkewe, alimwandikia mbunge wao katika bunge la jimbo barua saba. Alijibiwa moja tu. Hata hiyo ilianza hivi: "Mpendwa Bwana Paul."

Siku moja ya Februari walikuwa mezani wakila. Pauline akaweka kijiko chini.

"Mzee, nimeamua kugombea."

"Kugombana? Na nani tena?"

"Kugombea! Ubunge wa jimbo. Kwa chama cha Demokrati."

Wasil alicheka mpaka akakohoa. Alipofuta machozi, akaona mwenzake hacheki.

"Basi," akasema taratibu, "mimi niandike wa kwanza."

Jirani yao, Harlan Trexler, alikuwa karani wa uchaguzi wa wilaya kwa miaka thelathini na moja, kabla ya kustaafu. Alikuwa wa chama cha Republican, kama baba yake na babu yake. Hata hivyo, mtu yeyote aliyetatizwa na karatasi ya serikali alikwenda kwake, wa chama hiki na wa chama kile. Pauline alimwita, akamkatia kipande cha keki ya tufaha, akatandaza mezani fomu ya wadhamini. Ili jina lake liingie kwenye kura, alihitaji sahihi za watu mia kadhaa.

Wasil alikuwa ameshatia yake juu kabisa, kwa herufi kubwa. Harlan alivaa miwani, akaitazama, akakohoa kidogo.

"Wasil, hebu likate jina lako."

"Nilikate? Huyu si mke wangu?"

"Ni mkeo, nilicheza dansi kwenye harusi yenu mpaka kiatu kikakatika. Lakini fomu hii inatiwa sahihi na walioandikishwa Demokrati tu. Wewe umeandikishwa Republican."

"Mimi? Tangu lini?"

"Tangu 1938. Kadi yako ya uandikishaji nimeishika mara nyingi. Nilidhani unajua."

Wasil alikumbuka. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, mwenye mgongo mzima na nywele tele. Nyapara alikuja kwenye lango la mgodi na bunda la kadi zilizokwisha kujazwa. "Tieni sahihi hapa," alisema. Hakuna aliyeuliza. Nyapara ndiye aliyegawa kazi, na aliyeuliza sana alipelekwa kuchimba kwenye maji.

"Lakini kila Novemba napiga kura," Wasil alisema. "Na humpigia nimtakaye!"

"Na hakuna wa kukuzuia. Novemba ni uchaguzi mkuu. Hapo kadi haikufungi. Unachagua mtu wa chama chochote. Lakini mwezi wa Mei kuna kura ya mchujo. Hapo kila chama kiko nyumbani kwake, kinachagua nani akiwakilishe Novemba. Demokrati wanachuja wao, na sisi Republican tunachuja wetu. Hiyo ni sheria ya hapa Pennsylvania. Majimbo mengine yana taratibu zao."

"Sijawahi kwenda Mei."

"Ndiyo maana hukujua. Wengi hawaendi. Wachache wanaingia jikoni kupika, halafu Novemba mnakuja wote kuuliza mbona chakula kimezidi chumvi."

Pauline akacheka. Wasil hakucheka.

"Kwa hiyo Mei siwezi kumpigia kura mke wangu mwenyewe?"

"Kwa kadi hiyo, huwezi. Lakini kadi inabadilishwa. Unakwenda makao ya wilaya, unajaza karatasi, dakika tano umemaliza. Ila usichelewe. Zikibaki siku thelathini kabla ya mchujo, wanafunga."

"Miaka arobaini, Harlan. Miaka arobaini natembea na neno la mtu mwingine."

"Usikilaumu chama changu," Harlan alisema kwa upole. "Huko mjini kulikuwa na mabosi walioandika kadi za Demokrati vivyo hivyo. Bosi ni bosi."

Wasil alilikata jina lake.

Kesho yake alikwenda kwenye klabu ya Waslovakia, ambako wazee wenzake wa mgodini walicheza karata. Akasimama mbele ya meza.

"Nani kati yenu anajua ni wa chama gani?"

"Wewe vipi, umelewa asubuhi?" akauliza Chester Yurko, mzee mfupi mwenye sauti kubwa.

"Jibu. Kadi yako aliijaza nani?"

Chester akaweka karata zake mezani. Wazee wakatazamana. Nyapara wao alikuwa mmoja.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Aprili, theluji ikiwa inayeyuka barabarani, wazee ishirini na watatu walijipakia kwenye magari manne wakaenda makao ya wilaya. Walivaa makoti ya kanisani. Njiani waliimba nyimbo za ujanani mwao, zile walizoimba kwenye kizimba wakishuka mgodini. Wengine walikuwa wamesahau maneno, wakafuata sauti tu.

Karani, mwanamke kijana, alimwuliza Wasil, "Chama, Bwana Hudock?"

"Demokrati!" alisema kwa sauti iliyowageuza watu kwenye ukumbi. Akachukua kalamu akaandika mwenyewe.

Chester alifuata. "Mimi Republican."

"Lakini hapa naona tayari wewe ni Republican," karani alisema. "Hakuna cha kubadilisha."

"Kipo, binti yangu. Ile aliandika nyapara. Nipe karatasi niandike mimi."

Karani alimtazama, kisha akampa karatasi. Hakuna aliyemcheka Chester. Wasil alimshika bega, wakatoka pamoja.

Fomu ya Pauline ilikuwa imeshakubaliwa, kwa sahihi za watu wenye kadi sahihi. Ikabaki kampeni, na kampeni hula pesa. Viongozi wa Demokrati wa wilaya walikuwa na mtu wao, wakili aitwaye Desmond Garrity. Sauti yake ilisikika redioni mara tatu kwa siku.

"Wakubwa wa chama wameshamchagua," Pauline alisema kwa huzuni.

"Wamempendekeza," Harlan alimsahihisha. "Wanaochagua ni wanachama. Mchujo kazi yake ndiyo hiyo."

Wanawake wenzake Pauline wakajitolea kutengeneza pierogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani, wauze ili wapate pesa za vipeperushi. Walitaka jiko la chini ya kanisa. Padri akakataa, akaeleza kwamba kanisa halilipi kodi, kwa hiyo sheria hailiruhusu kumuunga mkono mgombea yeyote. Wakakodi jiko la klabu, wakalipia kama mteja mwingine. Rafiki mmoja wa Pauline akawa mweka hazina. Kila aliyetoa dola yake aliandikwa jina.

Siku ya kuuza, akaja Clyde Benscoter, mwenye machimbo ya mawe. Alikula sahani mbili, akazisifu, kisha akatoa bahasha.

"Pauline, malori yangu nayo yanalitaka daraja lile. Hii itakuingiza redioni kama Garrity."

Ndani ilikuwa hundi ya dola elfu moja, ya kampuni yake. Pauline aliitazama. Wasil alimwona mkewe akimeza mate. Pesa ile ingetosha kila kitu.

Harlan alikuwa karibu, unga ukiwa umemganda kwenye nyusi.

"Clyde, hiyo haifai. Hapa kampuni haiwezi kumpa mgombea pesa zake."

"Basi nitoe zangu mwenyewe."

"Hizo unaweza. Mbio za jimbo letu hazina kikomo kwa mtu binafsi. Angekuwa anagombea kwenda Washington, kungekuwa na kikomo. Lakini jina lako na kiasi ulichotoa vitaandikwa kwenye taarifa, na taarifa inawekwa wazi. Yeyote anaweza kwenda kuisoma."

"Yeyote?"

"Hata mama mkwe wako."

Watu wakacheka. Benscoter naye akacheka, ila shingo ilimgeuka nyekundu.

Pauline akamrudishia bahasha. "Bwana Clyde, hata kwa jina lako sitaki nyingi hivyo. Daraja likijengwa, watu wataanza kuuliza ni la nani. Toa kama wenzako, ule sahani ya tatu."

Benscoter aliitia bahasha mfukoni. Kisha akatoa noti ya dola ishirini. "Niandikieni. Na mniongezee vitunguu."

Kwa hiyo Pauline hakuingia redioni. Aliingia majumbani. Yeye na Wasil walipanda vilima, mlango hadi mlango. Wasil alipumua kwa shida, akasimama kila baada ya nyumba tatu. Watu walitoa kiti, kahawa, habari za wajukuu. Kila mahali Wasil aliuliza swali moja kabla ya kuomba kura: "Unaijua kadi yako inasemaje?"

Siku ya mchujo, kura zilipigwa kwenye kituo cha zimamoto. Mashine za kura za siku zile leo hazipo tena. Kila moja ilikuwa kama kabati kubwa la chuma. Ukiingia unavuta mpini mwekundu, pazia linajifunga nyuma yako. Unabonyeza vijiti vidogo kando ya majina. Ukivuta mpini tena, mashine inalia kwa kishindo, pazia linafunguka, kura imeshaingia.

Wasil aliingia akakawia.

"Hudock!" Chester akapiga kelele kwenye foleni. "Umelala humo?"

Hakuwa amelala. Alikuwa akilitazama jina la Pauline Hudock, limeandikwa kwa chapa nyeusi na serikali ya jimbo. Alilisoma mara nne. Kisha akavuta mpini.

Pauline alimshinda Garrity kwa kura hamsini na nane. Novemba, kura za wote zilipojumlishwa, alimshinda pia mbunge wa Republican, yule wa "Bwana Paul". Alikaa bungeni vipindi vitatu. Alipigana na wahandisi, na kamati, na wanachama wenzake. Juni ya 1980 daraja lilifunguliwa.

Siku hiyo walipanga meza katikati ya daraja. Benscoter alikuwepo, na Chester, na hata Garrity alikuja na mkewe. Watoto walikimbia huku na huku juu ya lami mpya. Wasil alikaa kwenye kiti cha kukunja, mto ukipita chini ya miguu yake. Akamgeukia Harlan.

"Jirani, karibu miaka miwili nimejizuia kukuuliza. Ile Novemba, ulimpigia nani?"

Harlan alitafuna taratibu mpaka akameza.

"Unajua kwa nini mashine ile iliwekewa pazia?"

"Kwa nini?"

"Ili mimi na wewe tuweze kukaa hapa. Nisogezee hiyo keki."