Kikapu Kilichorudi Kitupu

Siku hiyo soko la Nakasero lilifurika, maana uvumi ulikuwa umeenea kwamba sukari imefika. Kulthum, binti wa mwenye duka wa Old Kampala, aliikosa hiyo sukari. Alichokipata ni Katembo, Mkongomani wa shati la maua aliyeuza maharage huku akiimba.

"Nakuwekea mu kavera, dada?" akauliza, akiupuliza mfuko wa nailoni uachame.

"Niwekee humu." Kulthum akasogeza kikapu chake cha ukindu. "Mifuko yenu ndiyo iliyoziba mtaro wetu. Mvua ya juzi imelala dukani kwa baba."

"Kavera ni ya bure."

"Ya bure, na ya kutupwa. Kikapu hurudi sokoni, nailoni hairudi."

"Basi kirudi kesho," akasema Katembo, "na wewe urudi nacho."

Kilirudi kesho, kikarudi na keshokutwa. Haukupita mwezi Katembo akawa anafungia wateja maharage kwa majani ya mgomba, wenzake wakimcheka kuwa amelishwa kitu na binti wa Kiswahili. Hakubisha. Simu ya dukani nayo ikaizoea sauti yake: alipiga saa saba, baba akiwa msikitini, akimwita "sheri", mpenzi kwa Kifaransa cha kwao, na kumwuliza amevaa kanga gani. Kila siku Kulthum alimjibu ni ile nyekundu, hata kama ilikuwa kambani inakauka.

Kisha askari wakaanza kupita sokoni wakiwasaka wageni. Ijumaa moja Kulthum, roho juu, alipika sambusa na mkate wa kumimina, akampelekea Katembo kikapu kimejaa pomoni. Kwao Kulthum chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukikosa cha maana, utatia hata chumvi. Alijua jibu la mwanamume yule, kama anamtaka au hamtaki, atalikuta humo ndani.

Jumatatu kikapu kikaletwa na Bibiane, Mkongomani aliyeuza vitenge meza ya pili kutoka kwa Katembo. Alisema askari wameivunja meza ya mwenziwe, naye ametoroka alfajiri kurudi Zaire. Kikapu kilikuwa kimeoshwa, kinanukia sabuni, na ndani hamkuwa na kitu.

Angalau punje moja ya haragwe, Kulthum aliwaza. Punje moja tu ingemtosha. Miezi minne alimtamani mtu aliyemkataa, na kila simu ilipolia saa saba aliikimbilia. Alipoposwa na binamu yake Mahmoud hakusema ndiyo wala hapana. Jibu lilitakiwa Ijumaa.

Jumatano simu ikalia. Laini ya Kasese, mji wa karibu na mpaka wa Zaire alikorudi Katembo kuuza maharage, ilikwaruza.

"Sheri, kikapu kilifika?"

"Kilifika kitupu. Nilikuelewa."

"Ulielewa nini? Nilikiosha na mikono yangu, na kipande cha mwisho cha sabuni niliyokuwa nayo."

"Kwetu chombo kitupu ni kukataliwa, Katembo."

Laini ikakwaruza tena, hata Kulthum akadhani imekatika.

"Nyumbani kwa bibi yangu," Katembo akasema taratibu, "ukirudisha chombo na kitu ndani, umemalizana na mwenyewe. Ukirudisha kitupu unamwambia: mimi bado niko na njaa yako."

Kulthum aliegemea rafu, akacheka huku machozi yakimtiririka. Alipofungua kinywa amjibu, laini ilikatika kweli.

Alasiri hiyohiyo alimwambia mama yake kuwa Mahmoud apewe jibu, na jibu ni hapana. Mama, aliposikia kuwa ni kwa ajili ya Mkongomani, akamwuliza habari ya dini yake. Akajibu kwamba hilo Katembo atakuja kulisema mwenyewe mbele ya baba. Kisha akajifunga ile kanga nyekundu, akachukua kikapu, akateremka Nakasero kwa Bibiane, aliyekuwa akisafiri Kasese Jumamosi kufuata vitenge.

Bibiane akachungulia ndani. "Hakuna kitu humu, dada. Umesahau?"

"Mpelekee hivyohivyo," Kulthum akasema. "Na umwambie akirudishe mwenyewe."